Tuache Kukaririsha G41

Muulize mwanafunzi wa ufundi wa mitambo G41 ni nini. Jibu analo mdomoni: fidia ya kisu upande wa kushoto. G42? Kulia. G40? Kufuta fidia. Alama tatu, twende swali linalofuata. Mimi nasema alama hizo tatu zinatolewa bure, na sisi tunaosomea ualimu ndio tutakaoendelea kuzigawa tusipojipanga mapema.

Nasema mapema kwa sababu mtaala mpya wa sekondari Tanzania, ulioanza kutumika 2024, umeleta mkondo wa amali. Baadhi yetu tutapangiwa huko, tukasimame mbele ya watoto wanaotarajia kutoka na ufundi mikononi. Hatuwezi kwenda na madaftari ya misimbo peke yake.

Kwa wenzangu wa Historia na Kiswahili, msikimbie, jambo lenyewe si gumu. Mashine ya CNC hukata chuma au mbao kwa kuongozwa na kompyuta. Kisu chake kinazunguka, na kina unene. Tuseme unataka kipande cha mraba chenye upande wa milimita 40, na kisu kina kipenyo cha milimita 10. Ukipitisha katikati ya kisu juu ya mstari wa mchoro, kitakula milimita 5 za kipande chako kila upande. Kwa hiyo kisu lazima kikae pembeni ya mstari kwa nusu kipenyo chake. G41 inakiweka kushoto ukitazama kinakoelekea, G42 inakiweka kulia, na kipenyo mashine inakisoma kwenye jedwali la visu.

Utamu uko hapa: kisu kikinolewa kikabaki na milimita 9.8, unabadilisha namba moja kwenye jedwali, programu huigusi kabisa. Ukisahau, kila upande unabaki na 0.1 ya ziada na mraba wako unatoka 40.2. Aliyekariri "kushoto" hana habari na hilo.

Halafu kuna kona. Dereva wa bodaboda akitaka kufuata kona ya mraba bila kuikata hata kidogo, lazima asimame, ageuze, ndipo aondoke. Asiposimama, ataizungusha. Mashine nayo ina uzito, haigeuki ghafla. Ndiyo maana kwenye LinuxCNC unaandika G64 P0.05, yaani unairuhusu ipotoke njia hadi milimita 0.05 ili isipoteze mwendo. Ukiandika G64 bila P, inalinda mwendo kwanza, kona itazungushwa kadiri itakavyolazimu. Ukiandika G61, inafuata njia kama ilivyo hata kama itabidi ipunguze mwendo au isimame.

Sasa tuweke swali moja kwenye mtihani: "Tundu la mraba limechongwa kwa kisu chenye nusu kipenyo cha milimita 5. Kona zake za ndani zimetoka na mviringo mkubwa kuliko huo. Kwa nini, na utabadilisha nini?" Hapo kukariri kunakwama. Mwanafunzi lazima ajue kwamba kisu cha duara hakiachi kona ya ndani kali kuliko nusu kipenyo chake, kwa hiyo mviringo wa 5 ulitarajiwa. Kilichozidi kina sababu nyingine, na cha kwanza kushuku ni ile ruhusa ya kuzungusha kona. Je, apunguze P? Apunguze mwendo? Na kama mteja anataka kona kali kuliko 5, hata G61 haitamsaidia, atafute kisu kidogo. Swali moja, na unaona kabisa nani anaelewa.

Isitoshe, misimbo yenyewe haifanani. Kwenye mashine za Fanuc, G61 husimamisha kisu mwisho wa kila hatua ili kuhakiki kimefika. Kwenye LinuxCNC, kazi hiyo ya kusimama ni ya G61.1. Aliyekariri ya mashine moja anapotea akifika kwenye nyingine. Aliyeelewa kwa nini mashine husimama kwenye kona atafungua kitabu cha mwongozo na kuendelea na kazi.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: siku hizi programu za kompyuta zinaandika misimbo zenyewe. Sawa, lakini nazo zinakuuliza uweke kiwango cha kosa unachoruhusu. Nani atajaza hiyo namba, na kwa kufikiria nini? La pili lina uzito zaidi: mashine ni ghali, wanafunzi ni wengi. Ni kweli. Lakini LinuxCNC ni programu ya bure, na ina hali ya kuigiza isiyohitaji mashine yoyote. Unaona kwenye skrini njia uliyoandika na njia ambayo kisu kimepita. Kuza kona, badilisha P kutoka 0.05 hadi 1, tazama mistari miwili inavyoachana. Somo hilo linahitaji umeme, kompyuta na mwalimu aliyejiandaa. Halichukui nafasi ya karakana, ila linamfikisha mwanafunzi karakana akiwa na maswali.

Kwa hiyo ombi langu kwa serikali ya wanafunzi ni dogo: tuombe chumba kimoja cha kompyuta kiwekewe programu hiyo, na tupewe saa mbili kwa wiki, walimu watarajiwa na wenzetu wa uhandisi tukae pamoja. Wao watuoneshe mashine inavyofikiri, sisi tuwaoneshe namna ya kutunga swali. Na kwa wahadhiri wetu, kwa heshima zote: kwenye mtihani ujao, lile swali la "taja kazi ya G41" liondoeni. Tuleteeni kipande kilichotoka 40.2 mtuulize kimeharibikia wapi.