Gitaa Halikuiua Orutu

Ndugu mwandishi aliyedai gazetini kwamba gitaa liliiua orutu, fidla ya Kiluo, na kwamba mpiga gitaa anayeketi kando ya mpiga orutu ni msindikizaji tu, amekosea mara mbili.

Muziki wa benga ulizaliwa pale vijana wa Kiluo walipohamishia kwenye gitaa mdundo wa nyatiti, kinubi chao. Kisha wanabendi wa Kenge Kenge, katika albamu yao ya 2007, wakaipiga benga hiyohiyo kwa orutu. Hayo si mazishi.

Orutu ina uzi mmoja, na sauti yake huteleza kama ya mwimbaji. Anayeifuata kwa gitaa lazima ajue kunyamaza. Akijaza kila nafasi, wimbo unazama. Mpiga gitaa Dennis Cahill wa Chicago alijua kunyamaza huko, akapiga miaka mingi kando ya fidla ya Martin Hayes wa Ireland, kwa noti chache mno, na bila yeye muziki ule usingekuwa ule. Usindikizaji wa namna hiyo ni utunzi kamili.

Na muziki huu hauko mbali: mtaa wa Kibera, jijini Nairobi, umejaa watu waliotoka kandokando ya Ziwa Victoria na ngoma zao. Basi nanyi mnaoandaa matamasha Nairobi, waiteni mpiga orutu na mpiga gitaa pamoja, muwalipe sawa.