Mkopeshaji Anapoingia Ndani ya Simu

Jumanne moja ya mwezi Februari, nikijiandaa kwa Misa ya jioni, simu yangu ilipokea ujumbe kutoka namba nisiyoifahamu. Ulimtaja mama mmoja wa parokia yetu kwa majina yake yote matatu, ukaambatanisha picha yake, ukamwita tapeli, na kunitaka mimi “mdhamini wake” nimhimize alipe deni kabla ya saa kumi na mbili. Sikuwa mdhamini wa mtu yeyote. Kabla Misa haijaisha, ujumbe uleule ulikuwa umemfikia mwenyekiti wa jumuiya yake, mwalimu mkuu wa shule anakosoma mwanawe, na baadhi ya wateja wanaonunua karanga zake. Kilichotuunganisha sote ni kwamba namba zetu zilikuwamo kwenye simu yake.

Mama huyo ameniruhusu nieleze habari zake bila kumtaja jina. Alikuwa ameomba shilingi 100,000 kupitia programu ya simu ili amalizie mahitaji ya shule. Zilizomfikia ni 65,000, kwa maana 35,000 zilikatwa papo hapo zikaitwa gharama za huduma. Siku ya saba alitakiwa kurudisha 100,000 kamili. Anayependa hesabu na aipige: ni zaidi ya nusu ya fedha aliyoishika mkononi, kwa juma moja. Ukomo wa riba uliowekwa kwa wakopeshaji wa daraja lao ni asilimia 3.5 kwa mwezi.

Hata hivyo, riba siyo jambo ninalotaka kulikazia leo. Mikopo ya “kausha damu” tumeizoea kwa huzuni, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2269, imekwisha kusema bila kumung’unya maneno kwamba wanaowaletea ndugu zao njaa na kifo kwa biashara ya riba ya kinyonyaji wanashiriki katika uuaji. Linalonisumbua ni chombo chenyewe na namna kilivyoundwa.

Mkopeshaji wa zamani alilazimika kumjua mkopaji: anaishi wapi, ana mbuzi wangapi, baba yake ni nani. Programu ya simu haimjui mtu. Mara inapowekwa kwenye simu inaomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina, ujumbe mfupi, picha na mahali mtu alipo. Ukikataa, haiendelei. Ukikubali, kwa dakika chache imekusanya watu wote unaowaheshimu na wanaokuheshimu. Haya hayakutokea kwa hitilafu ya mitambo. Watu waliosoma waliketi ofisini, wakachora ukurasa ule, wakaamua kitufe kikae wapi, wakakubaliana kwamba dhamana ya mkopo itakuwa aibu. Tunapenda kusema teknolojia haina ubaya, ubaya uko kwa mtumiaji. Kwa chombo kama hiki kauli hiyo haitoshi, kwa sababu dhambi ilikwisha kuingizwa humo kabla mtumiaji hajakishika.

Na aibu ni dhamana nzito mno katika nchi yetu hii kavu. Miezi ya Januari hadi Machi, akiba ya mtama na uwele ikiwa imekwisha na mavuno hayajafika, familia nyingi za vijijini huvuka kwa kuhemea kwa ndugu na kukopa dukani. Hakuna karatasi inayosainiwa. Mtu hupewa debe la nafaka kwa sababu jina lake ni zuri. Anayelichafua jina hilo kwa watu mia tatu kwa siku moja amemnyang’anya maskini akiba aliyoijenga kwa miaka ishirini, na deni likilipwa, akiba ile hairudi.

Maandiko Matakatifu yalikwisha kuliona jambo hili. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, kinamwagiza mkopeshaji asiingie nyumbani kwa mdaiwa kuchukua rehani. Asimame nje, na mdaiwa mwenyewe amletee. Tuangalie vizuri: Sheria haikukataza kudai. Ilikataza kuvuka kizingiti, kwa sababu mtu aliye na deni bado ana nyumba, ana wake na watoto wanaomtazama, ana heshima ambayo haikuwekwa rehani. Siku hizi nyumba hiyo ni simu.

Watetezi wa biashara hii husema mkopaji aliridhia. Sisi tunaofungisha ndoa tunajua kitu kuhusu ridhaa: kanuni 1103 ya Sheria za Kanisa huihesabu ndoa kuwa batili ikiwa imefungwa kwa shurti au kwa hofu kubwa inayotoka nje. Mkopo si ndoa, nakiri. Lakini mama ambaye mwanawe amerudishwa nyumbani, anayebonyeza “kubali” chini ya kurasa nyingi za Kiingereza, ameridhia nini hasa? Na hata tukisema aliridhia kwa ajili yake, hakuwa na mamlaka ya kuridhia kwa ajili yangu. Hakuna aliyeniuliza.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Agosti 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kampuni ya Google nayo, kuanzia tarehe 31 Mei 2023, ilizizuia programu za mikopo zilizoko kwenye duka lake kufikia namba na picha za mtumiaji. Jirani zetu Kenya wamekwenda hatua zaidi: Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kutuma vitisho. Kwa hiyo aliyepokea ujumbe wa namna ile asiufute. Autunze pamoja na namba iliyoutuma, aupeleke polisi na kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tena asiusambaze kwenye kundi la jumuiya “ili tumwombee”, kwa sababu hiyo ndiyo kazi mkopeshaji aliyotaka tumfanyie bure.

Hapa naomba tujitazame wenyewe. Mwaka 1462 Wafransisko wa Perugia, Italia, walianzisha mfuko wa kuwakopesha maskini ili waokoke na wala riba, na mwaka 1515 Papa Leo wa X katika Mtaguso wa Tano wa Laterano aliihalalisha mifuko ya aina hiyo na gharama ndogo za kuiendesha. Sisi tunazo SACCOS na VICOBA, na zinasaidia wengi. Lakini mama yule alikuwa mwanachama wa kikundi. Kikao cha mikopo kilikuwa baada ya wiki tatu, na mtoto alikuwa amesimama mlangoni na sare yake. Programu ilimjibu kwa dakika nne.

Na lipo lililoniuma zaidi. Nilipomuuliza kwa nini hakuja ofisini kwangu mapema, alinijibu kwa upole: “Baba Paroko, siku ile majina yetu tusiomaliza mchango wa ujenzi yaliposomwa kanisani, langu lilikuwamo.” Nilikuwa nimeyasoma mimi mwenyewe. Orodha hiyo haisomwi tena, na Halmashauri ya Walei inajadili mfuko mdogo wa dharura unaoweza kutolewa ndani ya siku moja kwa kauli ya mwenyekiti wa jumuiya na mhazini.

Deni alimalizia mwezi Machi. Karanga hauzi tena mbele ya kanisa. Amehamia stendi, ambako wateja hawamjui.