Nani Aliyempandisha Punda Mbinguni?

Kurasa za unajimu katika baadhi ya magazeti ya Kiswahili humwambia mtu aliyezaliwa mwishoni mwa Machi kwamba nyota yake ni Punda. Mimi si mnajimu wala utabiri huo siuamini. Kinachonikera ni huyo punda. Kwa Kiarabu kundi hilo la nyota huitwa Hamal, yaani mwana-kondoo, na wahenga wetu wa pwani walilipokea kwa jina la Hamali. Lakini katika Kiswahili cha kila siku hamali ni mchukuzi, yule anayesukuma mkokoteni kutoka forodhani. Yamkini mfasiri mmoja asiyejua Kiarabu alimwaza mchukuzi, akatafuta mnyama wa kubeba mizigo, na kondoo akageuka punda. Huku Mji wa Kale punda tunamthamini sana, ila mahali pake si pale.

Kosa hilo lingekuwa la kuchekesha tu lau lisingekuwa na ndugu zake shuleni. Vipo vitabu vya masomo vilivyoiita sayari ya Utaridi kwa jina la Zebaki, eti kwa kuwa Waingereza wanatumia neno moja kwa sayari na kwa ile madini ya majimaji. Vingine vimeiacha Zohali na kuandika Sarateni, neno linalogongana na Saratani, ambalo ni jina la kundi la Kaa na la ugonjwa tunaouogopa sote. Mtoto anayesoma hivyo atadhani kwamba kabla ya Mwingereza babu zake hawakuwahi kuinua macho usiku.

Najua nitakavyojibiwa: Utaridi na Zohali nayo ni maneno ya Kiarabu, basi tofauti iko wapi? Tofauti ni kwamba majina haya yalitumika, na kila tabaka la majina linatueleza lilikotoka.

Chukua Kilimia. Wagikuyu husema Kĩrĩmĩra, Wazulu isiLimela, na Waxhosa waliihesabu miaka ya utu uzima wa mwanamume kwa nyota hizo hizo. Mzizi ni mmoja, kulima. Kiswahili kimeidondosha ile l ya mwisho kama kilivyoidondosha katika vitenzi vyote vya kutendea. Neno lililopitia mabadiliko hayo halikuazimwa juzi. Tumelirithi pamoja na jembe. Na linafanya kazi yake: Kilimia huzama magharibi jioni wakati wa masika, kisha huzuka mashariki alfajiri mwezi wa Juni, mvua kubwa zikiwa zimepungua.

Tabaka la pili lilikuja na majahazi. Mabaharia wa Bahari ya Hindi waliigawa dira mara 32, kila sehemu ikiitwa kwa nyota inayochomoza au kutua hapo. Kaskazini ilikuwa Jah, na upande wa kusini walikuwa na Suhayl, ambayo kwetu ni Suheli. Ajabu ni kwamba Jah haionekani Mombasa, kwa kuwa tuko nyuzi 4 kusini mwa Ikweta. Nahodha aliyetweka tanga bandarini petu ilimbidi apite Ikweta ndipo aione. Ahmad ibn Majid, mwanamaji wa karne ya 15, aliandika kwa kina kuhusu nyota hizi na njia ya kuja pwani yetu. (Kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498 ni hadithi ambayo wanahistoria wengi wameikataa.)

Hata Wachina walipofika, walikuja na mbingu yao. Waliizungushia ncha ya kaskazini kasri la mfalme pamoja na mawaziri wake, na ile nyota ambayo Waarabu waliiona kama tai anayetua wao waliiita Msichana Mfumaji. Njia za safari za Zheng He zimehifadhiwa katika ramani iliyomo kwenye kitabu alichokikusanya Mao Yuanyi mwanzoni mwa karne ya 17, na Mombasa imo. Kimo cha nyota kilipimwa kwa vidole, kipimo kile kile cha Waarabu, ambacho nao walikiita kidole. Majina hawakubadilishana, na hakuna aliyeona haja ya kumfuata mwenzake.

Ninachoomba ni kidogo. Wanaotunga vitabu na kamusi wairudishe Utaridi, Zohali na Hamali mahali pake, tena kwa maelezo ya asili yake. Na vyuo vyetu vya pwani vitume wanafunzi na madaftari Bandari ya Kale, Lamu na Pate, wakae na manahodha wazee waliosafiri kabla ya mitambo ya satelaiti. Wasiwaulize kwanza maana ya majina. Wangoje usiku usio na mwezi, watoke nao nje, waombe waonyeshwe kwa kidole ni ipi Suheli na ilitumika kwa safari gani, kisha waandike.