Ukifuta Windows 7, usijifungie nje

Kijana wa Kikima, laptopu yako ya mtumba ina Windows 7 na Windows 10, na ile ya zamani inakalia nafasi bure. Microsoft iliiacha Januari 14, 2020, kwa hivyo ifute tu. (Hiyo 10 nayo iliachwa Oktoba 14, 2025, ila hiyo ni hadithi ya siku nyingine.) Lakini pole pole, bana.

Mifumo hii miwili hutumia mlango mmoja. Windows 7 iliyotangulia kuingia mara nyingi ndiyo iliyoweka faili za kuwashia kompyuta, kwenye kipande kidogo cha diski, kama MB 100 hivi. Ukikifuta, hata ile mpya haiwaki. Vyeti ulivyoskani, fomu ya HELB, kazi ya chuo, zote zimo ndani, nawe unazunguka Mbooni nzima ukitafuta fundi.

Nakili kila kitu kwanza kwenye diski ya nje. Washa Windows 10, fungua msconfig, nenda Boot, uondoe jina la Windows 7. Zima, washa tena. Ikiwaka sawa, ingia Disk Management. Kipande kilichoandikwa System usikiguse, hata fundi akikuharakisha. Futa cha Windows 7 pekee. Na ukilikuta neno System kwenye kipande hicho hicho, achia hapo: lazima faili za kuwashia zihamishwe kwanza.