Jina lake ndani ya wimbo, mushahara wetu wapi?

Wandugu watumikaji, na ninyi wamama mu nyumba, muziki wa Kinshasa tunausikia kila siku mu nganda na mu bus. Mwimbaji anaimba mapendo, halafu anakata, anaita jina la mutu. Wengi wanafikiri ni rafiki yake. Hapana. Ile inaitwaka libanga, na mara nyingi inalipiwa.

Kwa Kilingala libanga ni jiwe. Kutupa libanga ni kuita jina la mukubwa ndani ya wimbo. Lakini kupiga libanga, ni kupasua jiwe, maana yake kuhangaika juu ya kupata mukate. Neno moja, maisha mbili. Sisi watu wa Likasi na Kolwezi, ile ya pili hakuna mutu alitufundisha.

Haikuanza leo. Wakati wa Mobutu, ma-orchestre yalimuimbia yeye na chama chake MPR. Kisha, kaseti na CD zikaanza kunakiliwa na kuuzishwa kila pembe, mwimbaji akakosa faida ku diski yake. Akaenda kutafuta kwingine: kwa wafanyabiashara, kwa wanasiasa, kwa Wakongomani wenye kuwa Ulaya. Kwa hiyo waimbaji hatuwalaumu sana. Nao ni watumikaji bila contrat. Siku moja tutawaita mu syndicat, na hatuchezi.

Shida yetu iko kwa yule anayelipa. Tunajua patron moja wa sous-traitance. Jina lake hatuliandike hapa, lilishaimbwa inatosha. Vijana wake walikuwa na miezi mitatu bila mushahara. Tulienda kuuliza, wakatuambia caisse iko tupu. Ile wiki wimbo mupya ukatoka, na jina lake ndani mara mbili, pamoja na la bibi yake. Tena mu nganda wenzetu, wale wenye hawajalipwa, wakapiga makofi: « Patron wetu amekuwa star! » Njo pale tuliumia zaidi.

Musifikiri ni kiburi tu. Mutu mwenye jina anapata deni kwa urahisi, anaitwa ku fête za wakubwa, na mwenye kuja kumukagua ku kazi anasitasita mbele ya mulango. Libanga ni makuta anayopanda ili yazae. Mbegu ni mushahara wa wengine.

Sifa yenyewe hatuichukii. Katanga tuko nayo. Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa mu Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na gitaa yake ikajulikana mbali sana. Robert Kidiaba, dunia ilimuona Abu Dhabi mwaka 2010, wakati TP Mazembe ilifika finale ya Kombe la Dunia la ma-club. Inter Milan ilitufunga 3-0, ndiyo, lakini ule mutindo wake wa kuruka-ruka akikaa chini, kila mutoto wa cité aliuiga. Yeye alidaka mipira, hakulipia mutu amuite.

Ku mukutano wenye kuja, kila délégué alete bulletin za paie za ile miezi mitatu. Mutu moja alete telefone yenye ule wimbo. Tutaupiga mbele ya patron mwenyewe, kisha tumuulize: hii ulilipa tarehe gani?