Vyakula vya GMO: Tusiharamishe Bila Elimu, Tusile Bila Kuuliza



  Mwaka huu nimependa tuzungumzie vyakula vilivyobadilishwa vinasaba, ambavyo wengi huviita GMO. Nina sababu ya kuchagua mada hii. Mimi mwenyewe nilikosea mbele ya darasa, basi ni wajibu nisahihishe mbele ya wote.

Ilikuwa kipindi cha mvua, wakati akiba ya chakula inapopungua majumbani. Mwanafunzi mmoja aliuliza kuhusu mahindi ya mbegu za kisasa. Nikajibu bila kufikiri: "Hayo ni GMO. Wametia vinasaba vya nguruwe. Ni haramu." Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia barazani tu, sikuyasoma popote.

Kesho yake asubuhi alikuja bibi wa kijana mmoja, amebeba unga kidogo ndani ya kitambaa. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Ustadhi, mjukuu wangu kalala na njaa. Kakataa ugali, anasema mwalimu kasema ni haramu. Mahindi haya nimeyalima kwa mkono wangu, mbegu nilinunua dukani Masasi mjini. Nionyeshe haramu iko wapi." Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi, nikamwambia nitakwenda kuuliza.

Nilimwendea bwana shamba, kisha nikasoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, mbegu za kisasa si lazima ziwe GMO. Mbegu chotara, kama ile ya yule bibi, hupatikana kwa kuchavusha aina moja ya mahindi na aina nyingine ya mahindi. GMO ni jambo jingine. Hapo mtaalamu wa maabara huchukua kinasaba cha kiumbe kimoja na kukiingiza katika kiumbe kingine, au hukibadilisha kilichomo. Mahindi ya GMO yanayolimwa sana Marekani na Afrika Kusini yametiwa vinasaba vya bakteria wa udongoni, ili mmea uue wadudu au ustahimili dawa ya magugu. Habari ya nguruwe niliyoieneza haikuwa na msingi.

Pili, hapa Tanzania hakuna zao la GMO lililoruhusiwa kupandwa na wakulima. Mwaka 2016 watafiti walianza kujaribu mahindi ya namna hiyo ndani ya uzio huko Makutupora, Dodoma. Novemba 2018 Serikali iliamuru majaribio yasimamishwe na mabaki yateketezwe. Januari 2021 aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza tena kusitishwa kwa majaribio ya aina hiyo, na kutaka mbegu zinazotoka nje zichunguzwe. Basi mahindi ya yule bibi yalikuwa halali tangu mwanzo. Haramu ilitoka mdomoni mwangu.

Nilipopanda Newala kwenye msiba, nikasikia maneno yaleyale kuhusu muhogo. Baadhi ya watu wanaiogopa mbegu ya Kiroba na nyingine zinazotoka kituo cha utafiti cha Naliendele, wakidhani ni GMO. Sivyo. Mbegu hizo zimepatikana kwa kuchagua na kuzalisha kwa njia za kawaida, nazo zimetusaidia kukabiliana na ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Kila mkulima wa huku anaujua ugonjwa huo: unachimba muhogo, nje umenona, ukiukata ndani umeoza. Mtu akimkataza jirani yake mbegu hizo kwa uvumi, anamnyima makopa ya mwaka mzima.

Je, hii ina maana kwamba tusiwe na wasiwasi wowote? Hapana. Vyakula vya dukani vinatoka nchi nyingi, na sehemu kubwa kabisa ya soya na mahindi ya Marekani ni GMO. Shirika la Afya Duniani linasema vyakula vya GMO vilivyoko katika soko la kimataifa vimepimwa na havielekei kuwa na hatari kwa afya, lakini kila aina ipimwe peke yake. Wenzetu wa Kenya wamevutana sana katika suala hili. Waliviwekea marufuku vyakula hivyo mwaka 2012, serikali yao ikaiondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, kesi zikafuata, na Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikaamuru utekelezaji usimame kwanza. Vilevile kuna suala la mbegu zenyewe. Mahindi tunayoyaning'iniza juu ya moshi wa jiko kwa ajili ya msimu ujao hayana mwenyewe isipokuwa mkulima. Mbegu za GMO kwa kawaida zina hakimiliki ya kampuni. Haya ni maswali ya haki, na Muislamu anayo ruhusa ya kuyauliza.

Sheria yetu inasemaje? Sura ya Al-Baqarah, aya ya 168, inatuamrisha tule kilicho halali na kilicho kizuri, yaani yote mawili kwa pamoja. Sura ya An-Nahl, aya ya 116, inatukataza ndimi zetu zisizushe kwamba hiki halali na hiki haramu. Wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Makka walilijadili suala hili mwaka 1998. Waliruhusu teknolojia hiyo katika kilimo na mifugo, kwa sharti kwamba madhara yazuiwe, hata yale yatakayochelewa kuonekana. Tena wakawataka watengenezaji waeleze vilivyomo ndani ya bidhaa zao, watu wale huku wanajua.

Sharti hilo la mwisho linatukumbusha kisa mnachokijua. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka, akakuta chini pamelowa. Muuzaji akajitetea kwamba ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu iliyolowa ili watu waione, kisha akamkemea kila mwenye kudanganya. Nafaka ile haikuwa haramu kwa kulowa. Kosa lilikuwa kuficha.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo pa kusimama. Tudai kwa wauzaji, kwa viongozi na kwa wanaoleta bidhaa kutoka nje, kwamba chakula chenye GMO kiandikwe wazi, tena kwa Kiswahili. Asiyetaka aache, anayetaka anunue kwa hiari yake.

Nanyi wanafunzi, mkisikia chakula kimeitwa haramu, ulizeni mambo matatu: Nani kasema? Kakisoma wapi? Ndani yake kuna nini hasa? Ulizeni hata kama msemaji ni mimi. Na nyumbani, mzazi akikuwekea ugali au chikopa alichokilima kwa jasho lake, piga bismillahi ule, umshukuru Mola wako.

Nilirudi kwa yule bibi na jibu langu. Alinisikiliza, akasema: "Alhamdulillahi. Basi mwambie na mjukuu wangu, maana mimi haniamini." Jioni ile nilimwambia mbele ya darasa zima.

Allah atusamehe tuliposema bila kujua, na aturuzuku vya halali na vizuri. Amin.