Karatasi Iko Wapi?

Wandugu wafanya kazi wa migodi, nanyi wandugu wa mji,

Tangu siku nyingi watu wanakuja kwetu na neno moja. Hawalisemi kwa sauti. Wanaangalia nyuma, wanafunga mlango, ndipo wanasema: «Ninafuatwa.» Mmoja ni fundi wa mashine. Anasema motokari moja ilisimama karibu na nyumba yake magaribi tatu, na hakuna mtu aliyeshuka. Mwingine ni mama wa soko. Anasema telefoni yake inakwaruza kila anapotaja mambo ya chama. Wa tatu ni mtu wa kamati ya wafanya kazi, na huyu alituumiza moyo kupita wote. Aliacha kamati, akaacha hata kumsalimu rafiki yake wa miaka kumi na miwili, kwa sababu anazania ni yeye anayepeleka maneno kwa serkali. Tulimuuliza: una ushuhuda gani? Akajibu: «Sina, lakini ni nani mwingine?»

Hapo tuliona kwamba sherti tuandike. Kwa maana kama mpelelezi yuko, amekwisha kushinda bila jasho. Na kama hayuko, woga umefanya kazi yake yote, tena bila mshahara.

Neno letu la leo ni moja. Serkali inaweza kuwa na masikio, hakuna serkali isiyo nayo. Lakini sheria ya inchi inasema masikio yale yasiingie nyumbani mwa mtu wala katika mazungumzo yake bila ruhusa ya sheria, na ruhusa hiyo ina mtu aliyeitoa. Kwa hiyo swali la raia si «Nani anatusikiliza?» Swali la raia ni hili: karatasi iko wapi?

Wazee hawakuweza kuuliza hivi. Wabelgiji walipotwaa Kongo, waliandika sheria kubwa ya koloni tarehe 18 Oktoba 1908. Katika kifungu cha 2 waliwapa watu wote wa koloni haki fulani za katiba ya Ubelgiji: nyumba isivunjwe, siri ya barua iheshimiwe, mtu aweze kuwaandikia wakubwa maombi yake. Lakini haki ya gazeti, haki ya kukusanyika na haki ya kuunda vyama, hizo waliziacha Bulaya. Halafu amri ya 5 Julai 1910 ikampa mkubwa wa koloni nguvu ya kumtoa mtu mweusi kwao na kumlazimisha akae pahali pengine, pasipo tribinali. Siri ya barua ina faida gani kwa mtu anayeweza kufukuzwa kwao kwa amri tu? Simon Kimbangu alisimama mbele ya tribinali ya kiaskari kule Thysville mwaka 1921, na hakuwa na avoka. Alikufa katika gereza la Elisabethville, mji wetu huu unaoitwa leo Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka thelathini ya kufungwa.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, lakini masikio hayakukatwa. Yalibadili jina. Wakati wa Mobutu tulijua CND, halafu AND, halafu SNIP, na leo ni ANR. Tofauti ni kwamba leo tuna Katiba ya 18 Februari 2006, na Katiba hiyo inasema maneno ambayo kila mfanya kazi sherti ayajue kama anavyojua namba yake ya kazi.

Kifungu cha 31 kinasema kila mtu ana haki ya kuheshimiwa katika maisha yake ya ndani, na ya siri ya barua, ya telefoni na ya kila namna ya mazungumzo. Haki hiyo haiguswi isipokuwa kwa mambo yaliyoandikwa katika sheria. Kifungu cha 29 kinasema nyumba ya mtu haivunjwi, wala haipekuliwi, ila kwa kufuata sheria. Tena sheria namba 20/017 ya 25 Novemba 2020 inalinda siri ya mazungumzo ya telefoni. Imefungua mlango kwa kazi ya tribinali na kwa ulinzi wa inchi, lakini mlango huo unapitwa kwa ruhusa ya mkubwa aliyetajwa na sheria. Kapita hana ruhusa hiyo. Mkubwa wa kambi hana. Polisi wa barabarani hana.

Sasa, ndugu, ukizania unafuatwa, fanya nini?

Kwanza, tenga woga na ushuhuda. Telefoni ikikwaruza, hiyo si ushuhuda, ni waya mbaya ao mtambo mbaya. Vyombo vya leo vya kusikiliza havipigi kelele. Ushuhuda ni kitu kingine: maneno uliyoyasema katika telefoni tu yanarudi katika kinywa cha mkubwa, barua inakufikia imefunguliwa, mtu anaingia nyumbani pasipo ruhusa, unaitwa na unaonyeshwa orodha ya watu uliowapigia. Nunua daftari. Andika siku, saa, pahali, namba ya motokari, maneno yenyewe, na jina la aliyeona pamoja nawe. Andika ulichoona, usiandike unachozania. Daftari lile mbele ya avoka lina nguvu kupita machozi. Kopi yake iweke kwa mtu mwingine unayemwamini.

Pili, mwone avoka mapema, usingoje mpaka ukamatwe. Avoka amefungwa na siri ya kazi yake. Nenda kwake kwa miguu, usimweleze yote katika telefoni. Asiye na feza aulize kwa chama cha maavoka wa mji wake juu ya ofisi yao ya mashauri ya bure kwa maskini. Mwenye sendika aanze kwa sendika yake.

Tatu, andika barua kwa serkali. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongo haki ya kuandikia wakubwa, peke yake ao pamoja na wengine, nao wakubwa sherti wajibu katika miezi mitatu. Na kifungu kile kinasema hakuna mtu atakayeshitakiwa kwa sababu ya kuandika barua ile. Barua yako iwe fupi, pasipo matusi, na avoka aisome kwanza. Uliza mambo matatu: Je, kuna amri juu yangu? Nani aliitoa? Kwa sheria gani? Peleka kopi mbili, moja ipigwe muhuri na tarehe, uirudishe nyumbani. Labda watajibu, labda watanyamaza. Hata kunyamaza kwao, ukiwa na muhuri wa siku ile, ni karatasi mkononi mwako. Na kama mambo ni ya watu ishirini, watu ishirini watie mkono.

Ine, peleka mashitaka kwa parke. Aliyefungua barua yako, aliyeingia nyumbani pasipo haki, aliyesikiliza telefoni yako pasipo ruhusa, amevunja sheria. Usipojua jina lake, unaweza kushitaki mtu asiyejulikana. Jua pia kwamba kupekua nyumba kunaanza kati ya saa 5 ya asubui na saa 21 ya usiku, kwa hesabu ya saa ya gari la moshi, isipokuwa jaji ametoa ruhusa ya pekee. Hapa sherti tuseme kweli yote. Sheria ya ANR ya 11 Januari 2003 inataka wanaotaka kumshitaki mtu wa ANR wapate kwanza ruhusa ya mkubwa wa ANR mwenyewe. Ni kama kumwomba simba ruhusa ya kumfunga mwana wake. Chama chetu kinasema kifungu hicho kinapaswa kuondolewa, na tutalisema mpaka kiondolewe. Lakini mashitaka yaliyoandikwa yanabaki ndani ya kitabu cha parke, na wakubwa hawadumu.

Tano, kuna milango mingine miwili. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya 21 Machi 2013, inapokea malalamiko ya watu. Tena sheria ya mambo ya dijitali ya 13 Machi 2023 inampa mtu haki ya kuuliza kampuni, ile ya telefoni nayo, inaweka habari gani zake, na kutaka zisahihishwe kama ni za uongo. Usitumaini kwamba kwa njia hiyo utapewa mafaili ya wapelelezi. Lakini utajua angalau kama karte ya telefoni imeandikwa kwa jina lako na wewe hujainunua.

Sita, ukiitwa ao ukikamatwa. Ukiitwa kwa barua, usikimbie. Mwonyeshe avoka barua ile, uende pamoja naye. Ukikamatwa, kifungu cha 18 kinasema uambiwe palepale sababu, kwa lugha unayofahamu. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa, basi usikubali kutia mkono katika karatasi ya Kifaransa usiyoielewa. Una haki ya kuwapasha habari jamaa ao avoka wako mara moja. Kifungo cha polisi kisipite masaa 48, halafu uachiliwe ao upelekwe mbele ya mwenye haki ya kukuhukumu. Kifungu cha 19 kinakupa avoka tangu maulizo ya kwanza. Na kama wataleta tribinalini mazungumzo yako ya telefoni, hapo avoka asimame na kuuliza swali letu: karatasi iko wapi? Nani aliruhusu, siku gani, kwa sheria gani?

Saba, milango yote ya inchi ikifungwa, iko Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa kule Geneva. Kongo iliikubali mikataba yake tarehe 1 Novemba 1976. Njia hii ni ndefu, na kamati ile haina askari. Inatoa neno tu. Lakini ni neno ambalo serkali haipendi kulisikia mbele ya mataifa.

Kuna watu watakaotucheka: «Sheria ni maneno matupu, mwenye nguvu hasomi.» Tunawajibu: mwenye nguvu anapenda sana raia anayesema hivyo. Raia asiyeuliza anamwondolea hata taabu ya kudanganya. Mtu mmoja akiuliza, wanaweza kumtisha. Kambi nzima ikiuliza, wanaanza kuitafuta karatasi, na mara nyingi wanaona haipo.

Neno la mwisho ni juu ya jirani yako. Usimwite mtu mpelelezi pasipo ushuhuda. Usimpige, usimtangaze katika baa wala katika telefoni. Jina hilo likimwangukia mtu halitoki, hata akiwa hana kosa, na kesho litakuangukia wewe. Kazi ya chama chetu inafanywa mchana, milango wazi. Anayetaka kutusikiliza aje akae, kiti kiko.

Yule ndugu wa kamati tulimpa daftari. Baada ya majuma mawili alirudi, tukasoma pamoja. Motokari ilikuwamo, na saa zake, na namba zake. Jambo hilo liko sasa kwa avoka. Jina la rafiki yake halikuwamo hata katika ukurasa mmoja. Alikaa kimya, akafunga daftari, akatuuliza kamati inakutana lini.

Wandugu, jueni haki zenu, andikeni, ulizeni, msitawanyike!

Umoja, Haki, Kazi!